Bomba la Chumba cha Nyuma

Rebeka mwanangu,

Sanduku lako liko tayari. Mama yako amelifunga kamba mara tatu utadhani linakwenda Ulaya, kumbe ni hapa Ruiru tu, safari ya asubuhi moja. Habari za kuchemsha maji ya kunywa, za kuanika shuka, za kutoazima watu sufuria, amekueleza tangu juzi na wewe umeitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" mpaka nikakuhurumia. Mimi hapo sina la kuongeza. Nyinyi wawili mmekwenda kuagana na majirani, nami nimebaki mezani na karatasi hizi.

Naandika kwa sababu mdomo umenishinda. Jumanne uliniletea chai, nikakusudia kusema, nikafungua mdomo, nikakuuliza kama sukari imekwisha. Jana tena ulipokuwa ukipiga pasi nilisimama mlangoni mpaka ukaniuliza, "Baba, unatafuta nini?" Nikasema natafuta kofia. Kofia ilikuwa kichwani.

Basi nianze na lile lililo wazi. Mama Njeri wa Gitothua, utakayekaa kwake ukifundisha, unadhani mzee wa kanisa ndiye aliyenijulisha kwake Jumapili iliyopita. Si hivyo. Mama Njeri ninamjua tangu zamani. Mume wake, Bwana Mwangi, yuko kizuizini mwaka wa nne huu, na mtu aliyemtia kizuizini ni mimi baba yako.

Soma tena ukitaka. Hata mimi nimeyasoma mara mbili baada ya kuyaandika.

Mama Njeri anajua. Alivyoniambia ni hivi: "Fundi, chumba kipo, msichana wako nitampokea. Lakini aje akijua. Sitaki alale kwangu wiki nzima akiniita mama, halafu iwe ni mimi wa kumwambia baba yake alifanya nini." Kwa hiyo kesho usipande basi kabla hujafika mwisho wa barua hii. Na ukifika mwisho ukaona huwezi kukaa pale, niambie, nitakwenda kwa mzee wa kanisa nimweleze sababu, na tutakutafutia mahali pengine. Mama yako naye nilimwambia Jumapili usiku. Ndiyo maana ananipakulia chakula bila kusema neno, nawe ulidhani tumegombana juu ya yule jogoo niliyemuuza.

Unalikumbuka jumba la Bwana Kanji pale Thika mjini? Maduka chini, juu nyumba tatu za kupanga, kila moja na bafu lake, choo cha kuvuta na mifereji ndani. Ya mbele alikaa Kanji mwenyewe na jamaa yake. Ya katikati alikaa Mgoa mmoja wa posta. Ya nyuma, iliyokuwa chumba kimoja na jiko na bafu, kiwanda cha matunda kilimpangishia karani wake, na huyo karani ndiye Mwangi. Mke na watoto aliwaacha Ruiru, akiwaona mwisho wa juma akipewa pasi ya kusafiri.

Mabomba ya jumba lile yote yalikuwa yangu. Nasema yangu kwa sababu nilijiona hivyo. Mgoa akifungua mfereji ukamtemea hewa badala ya maji, ananiita mimi. Mke wa Kanji akifungua maji jikoni, choo cha jirani kikaanza kunguruma peke yake, ananiita mimi, nami naweka bisibisi kwenye bomba, naweka sikio kwenye mpini, nasikiliza, kisha natembea moja kwa moja mpaka penye ugonjwa. Watu waliniita daktari. Nami nikatembea kama daktari, Mungu anisamehe, mpaka mama yako akaniuliza siku moja kama nimeumia shingo.

Mwangi nilimpenda. Mrefu, kola yake imepigwa pasi hata siku ya mvua, na akioga anaimba nyimbo za kanisa hata wanunuzi wa chini dukani wanasikia. Siku nilipomfungia mfereji wa bafu alisimama akautazama, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. "Fundi," akasema, "bomba ndani ya nyumba! Mama yangu akiona hii atasema nimeingia mbinguni na viatu." Tukacheka mpaka mke wa Kanji akachungulia.

Sasa, mwaka ule wa hali ya hatari, ndipo jumba likaanza kugonga. Kila jioni, kama saa kumi na moja na nusu, ukuta wa nyuma unatoa sauti. Tu. Tu-tu. Kimya. Tu-tu-tu. Kimya tena. Mara polepole, mara haraka haraka, kisha kwisha. Ukiisikia huwezi kusema ni kitu, utasema ni mtu. Na siku zile, mwanangu, watu waliogopa hata kivuli. Kafyu, ile amri ya kutotoka nje, ilikuwa jioni, malori ya askari yalipita na watu, na huku ukuta wa Kanji unagonga kana kwamba unawapa ishara watu wa msituni. Mke wa Kanji akaacha kukaa jikoni peke yake.

Niliitwa mara ya kwanza. Nikafungua mifereji yote, nikangoja dakika mbili tatu, kimya. Nikabadilisha washa za mifereji, vile vipande vya mpira vinavyozuia maji. Jioni likagonga. Nikaitwa mara ya pili, nikakaza vishikio vyote vya bomba ukutani, nikapiga na plasta. Jioni likagonga. Nikamwambia Kanji aandike saa linapogonga. Akaandika, na tukaona wenyewe: linagonga kila siku, robo saa hivi baada ya karani kurudi kutoka kazini. Akikaa Ruiru kwa mkewe, haligongi.

Utaniuliza, baba, juu hukupanda? Juu ya paa kwenye tangi? Sikupanda. Sikupanda kwa sababu tangi lile nililishughulikia mwenyewe mwezi uliotangulia, na kazi yangu mimi nilijua haina kasoro. Nilitafuta ubaya kila mahali palipopita mikono ya watu wengine.

Mara ya tatu Kanji aliniita dukani mbele ya watu. "Fundi gani wewe?" akanifokea. "Mara tatu unakuja, mara tatu linagonga! Nitafute fundi mwingine Nairobi?" Wanunuzi wakageuka kunitazama. Kulikuwa na sajini mmoja wa polisi akinunua sigara. Uso ukaniwaka. Nilikuwa na neno la kusema pale, neno rahisi kabisa: sijui. Halikutoka. Badala yake nikasema, kwa sauti ya mtu mzito, "Bwana Kanji, bomba halijigongi lenyewe. Hapa kuna mtu anayegonga."

Sajini akaweka sigara chini. "Nani anakaa nyuma?" akauliza.

Na Kanji akamwonyesha ile karatasi ya saa, na mimi nikaieleza. Hakuna aliyenilazimisha. Niliieleza vizuri, kwa kidole, mstari kwa mstari.

Walikuja asubuhi iliyofuata na lori. Nilitakiwa niwepo nionyeshe mabomba yanakopita. Mwangi alikuwa anafunga tai aende kazini. Walipindua godoro, wakamwaga unga, wakafungua vitabu vyake vya nyimbo ukurasa kwa ukurasa. Hawakupata kitu. Nami nikashusha pumzi, naapa, nilitaka wasipate kitu waondoke, mambo yaishe. Kisha askari mmoja akaingiza mkono chini ya sinki, akatoa spana.

Rebeka, spana ile ilikuwa yangu. Niliisahau mle nilipobadilisha washa. Ilikuwa na alama mbili nilizozikata kwa tupa kwenye mpini, kama vyombo vyangu vyote, unazijua. Niliitambua kabla haijatoka vizuri gizani. Sajini akaipokea. "Karani wa ofisi," akasema, "ana kazi gani na spana? Hiki ndicho anachogongea."

Mwangi hata hakuogopa. Alinigeukia, akatabasamu kidogo. "Fundi, si waambie? Si ndiyo ile uliyokuwa ukiitafuta?"

Nilitazama wale askari. Nikatazama lori kule chini. Niliwaza kwamba mimi ndiye niliyesema kuna mtu anayegonga, na sasa chombo cha kugongea ni changu, na watasema tulikuwa wawili. Niliwaza juu yako na mama yako. Hayo yote yalipita upesi sana. Nikasema, "Spana zote zinafanana."

Hilo ndilo nililosema. Maneno matatu. Mwangi alinitazama, na lile tabasamu halikutoka mara moja, lilibaki tu usoni kama limesahauliwa, huku wakimfunga mikono. Alishuka ngazi na tai yake nusu. Hakupiga kelele, hakunitukana. Mpaka leo nikikaa kimya mahali nauona uso ule, na nashtuka kana kwamba ni asubuhi ile ile.

Nikuambie jambo jingine la wiki ile. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulivunja kikombe cha mama yako cha maua, ukasema paka ndiye aliyekiangusha. Nilikuchapa fimbo sita. Nikakuambia kwamba katika nyumba hii mtu akifanya kosa anasema "ni mimi", hata kama atapigwa. Ulilia ukasema, "Ni mimi, baba." Nikajiona nimekulea vizuri. Ilikuwa siku ya tatu tangu Mwangi achukuliwe.

Na bomba likanyamaza.

Woi, mwanangu, hapo ndipo penye ubaya wote. Polisi walifunga chumba kile kwa kufuli, na kuanzia jioni ile ukuta wa Kanji haukutoa sauti hata moja. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, mwezi. Kanji alinipiga begani mbele ya wateja: "Umeona, fundi? Ulisema kweli!" Mimi mwenyewe niliamini. Nilijiambia, kumbe kweli alikuwa akigonga yule, na ile spana ni kama Mungu aliitumia. Nililala vizuri. Nilikula vizuri. Kanisani niliimba. Sikufichi, kwa miezi miwili nilikuwa mtu mwenye raha.

Baada ya miezi miwili Kanji akapata mpangaji mwingine, bibi mmoja wa Kigoa, mshonaji, mfupi huyo, miwani mizito, mguu mmoja unavuta. Siku ya pili tu Kanji akanitumia mtu. Nilipofika dukani nilimkuta amekaa kwenye gunia la mchele. Akanyoosha kidole juu.

Tu. Tu-tu. Kimya. Tu-tu-tu.

Nilipanda ngazi mbio. Yule bibi alikuwa amekaa kitini na sindano mkononi, kitambaa magotini, nywele zake mbichi, ametoka kuoga. "Fundi," akasema, "nyumba yenu ina nini?" Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kitambaa, na ukuta nyuma yake unagonga.

Ndipo nikapanda paa. Nikafunua mfuniko wa tangi, lile dogo linalolisha chumba cha nyuma peke yake. Lilikuwa karibu kujaa. Na boya, lile puto la shaba linaloelea na kufunga maji tangi likijaa, lilikuwa linacheza. Maji yakiingia yanafanya mawimbi, boya linapanda, linafunga, linashuka, linafungua, linafunga tena, kwa nguvu, na kila likifunga bomba zima linapigwa mpaka chini. Nililishika kwa mkono. Kimya. Nikaliachia. Tu-tu. Nikalishika. Kimya. Sijui nilifanya hivyo mara ngapi. Bibi alinisikia huko chini akaita, "Ndiyo, ndiyo, hapo hapo!" kwa furaha.

Nikafungua valvu. Mle ndani ilikuwa washa yangu. Mwezi ule nilipolitengeneza tangi, mpira wa washa ulikuwa umekosekana madukani, nami badala ya kungoja nilikata washa katika ulimi wa kiatu changu cha zamani. Nilijisifu hata nyumbani, utakumbuka, nilisema fundi wa kweli hakosi njia. Ngozi ilikauka, ikakakamaa, ikaachia nafasi. Hiyo tu. Mwangi alikuwa akirudi kutoka kazini anaoga, kama mtu yeyote mwenye adabu, tangi linashuka, linajaa tena, na likikaribia kujaa, robo saa baadaye, washa yangu inagonga. Mimi nilikuwa nangoja dakika mbili tatu kisha naondoka. Na chumba kilipofungwa, hakuna aliyeoga, hakuna kilichogonga.

Nikakaa juu ya mabati yenye moto wa jua. Nilibadilisha washa. Ilinichukua chini ya nusu saa, na jumba lile halijagonga tena mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata nilichukua baiskeli nikaenda Ruiru. Njia yote ya mashamba ya kahawa askari walisimamisha watu wakiwadai pasi, wanawake na mizigo yao, wazee. Mimi waliniuliza kabila, nikasema Mluhya, wakanipungia mkono nipite. Nikauliza ilipo nyumba ya mke wa karani Mwangi mpaka nikaonyeshwa.

Nilimweleza. Nikamweleza bomba, na tangi, na washa ya kiatu, na lile neno nililosema dukani. Alinisikiliza amesimama, mtoto mgongoni. Spana sikuitaja. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu: "Haya umeyasema kwa D.O., au umekuja kuyasema kwangu kwanza?"

Nikashikwa na aibu. Nilikuwa nimekwenda kwake kwa sababu yeye hakuwa na uwezo wa kunifanya chochote.

Basi nikaenda kwa D.O., ofisa wa wilaya. Nilichukua ile washa katika kitambaa. Yule Mzungu alinisikiliza, na mkalimani, akaigeuza washa kwa ncha ya kalamu. Akafungua faili. Akasema, "Vema. Hii inaeleza sauti. Haielezi spana."

Alikuwa ananitazama. Mkalimani naye ananitazama. Mlango ulikuwa wazi, baiskeli yangu inaonekana imeegemea mti. Lilikuwa neno moja tu lililobaki. Ningesema ni yangu, wangeniuliza kwa nini nilikana mbele ya sajini, na pengine lori lingekuwa langu. Nikasema, "Ndiyo, Bwana." Akafunga faili.

Nikarudi kwa Mama Njeri kumwambia wameandika. Na yeye, Rebeka, alinishukuru. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema si watu wengi wangerudi kusema ukweli. Akaingia ndani akatoka na kichane cha ndizi, akanifungia kwenye baiskeli mwenyewe, niwaletee nyinyi. Niliwaletea. Mlikula. Ulisema ni tamu ukauliza zimetoka wapi, nikasema nimenunua njiani.

Miaka mitatu imepita tangu ndizi zile. Nimefanya kazi, nimejenga jiko la mama yako, umesoma, umemaliza chuo, nimepiga picha nawe siku ile na suti ya kuazima. Na kila mwezi katika miezi ile Mwangi alikuwa akivunja mawe huko walikompeleka, kwa ajili ya spana yenye alama zangu mbili.

Halafu wakakupanga Ruiru. Nchi hii yote, shule zote, wakakupanga Ruiru! Nilicheka barua ilipofika, unakumbuka, ukadhani ni furaha. Nikaenda Jumapili kukutafutia mahali, na mzee wa kanisa akasema, "Ah, kuna mama mmoja wa heshima sana Gitothua ana chumba." Alipotaja jina nilitaka kusema hapana. Ningemwambia sababu gani? Akanipeleka mwenyewe mpaka mlangoni, akaniacha.

Mama Njeri alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Alinikaribisha kwa furaha, fundi, fundi, umepotea! Akaniuliza juu yenu kwa majina. Na kabla sijakaa vizuri akaniambia amepata habari: Baba Njeri anaachiliwa, anarudi Jumamosi hii. Alisema huku akicheka na kufuta macho. Hapo sijui ni kitu gani kilinishika. Nikasema, "Mama Njeri, ile spana ilikuwa yangu."

Hakuelewa. Nikarudia. Nikasema yote, ya chini ya sinki, ya tabasamu, ya D.O. na faili lake. Mikono yake ilisimama juu ya maharagwe. "Ngai," akasema, akimwita Mungu taratibu. Kisha akasema, "Rudia ulivyosema kwa D.O." Nikarudia. "Ulisema 'Ndiyo, Bwana'?" Nikasema ndiyo. Akaweka ungo chini, akatoka nje, nikamsikia anatembea nyuma ya nyumba, anakwenda, anarudi. Nilidhani anatafuta panga. Nisingekimbia, nadhani, ingawa sasa naandika tu, ni rahisi kusema.

Aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. Hakukaa. "Miaka mitatu," akasema. "Njeri alianza kutembea, akaanza kusema, hamjui baba yake." Ndipo akasema yale ya chumba. Nilishangaa nikamwuliza, bado utampokea? Akanijibu kwa ukali, "Msichana wako alishika spana? Watoto wangu wanataka mwalimu. Mpe yote aje nayo. Yote, fundi, usimpe nusu kama ulivyonipa mimi."

Kwa hiyo nimekupa yote. Kama kuna mahali nimejipamba humu, ni kwa kutojua.

Jumatatu nilikwenda kwa D.O. Yule wa zamani amehama, yuko kijana mwingine, mdogo, hata ndevu hana. Nikamwambia spana ni yangu. Nilikuwa nimevaa koti zito, nimemuaga mama yako kama mtu asiyerudi. Alitafuta faili, akaandika mistari miwili, akasema yule mtu anaachiliwa hata hivyo, je, nina jambo lingine? Nikasema sina. Nilitoka nje nikasimama juani. Nilichoogopa miaka yote ile kilikuwa mistari miwili na kijana anayetaka kwenda kula.

Sikuandikii ili unionee huruma, wala sitaki uniambie kwamba nyakati zilikuwa mbaya. Zilikuwa mbaya, na wapo waliosema "ni yangu" katika nyakati zile zile. Utakuwa mwalimu. Watoto watakuuliza kitu usichokijua, darasa zima likikutazama. Mimi nilitazamwa na wanunuzi sita wa dukani nikashindwa kusema sijui. Sikuwa nimetishwa na mtu wakati ule, hayo ya kutishwa yalikuja baadaye. Niliona haya tu. Nimelifikiri sana jambo hilo na bado linanishangaza, jinsi lilivyoanza dogo.

Sasa ya Jumapili. Mwangi atafika Jumamosi na utakuwa katika nyumba yake. Msalimie kama baba wa nyumba. Usiwe wewe wa kumwambia, Mama Njeri amesema kazi hiyo ni yangu. Mimi nitafika Jumapili baada ya ibada, kwa baiskeli, peke yangu, na nitasema mbele yake na mbele ya mtu yeyote atakayetaka awepo. Sijui atafanya nini. Anaweza kunipiga, ana haki. Anaweza kunifukuza nisimalize. Yote hayo nimeyafikiri na ninayaweza. Ninachokiogopa ni wewe.

Ulipokuwa na miaka sita nilikupeleka kazini siku moja, na mtu mmoja mwenye nyumba akanitukana kwa sababu ya choo kilichofurika. Ukatoka nyuma ya mguu wangu, ukasimama mbele yake na gauni lako lenye tope, ukasema, "Usimseme baba yangu." Yule mtu akanyamaza kabisa. Mama yako nimemsimulia mara mia. Hujabadilika, najua, na Jumapili nikisimama pale nimeinamisha kichwa utataka kuinuka.

Usiinuke, mwanangu. Chukua kiti ukae upande wa Mwangi.

Baba yako,
Shadrak